Goma-Ndosho: Jina la babu kwa mtoto mwanaume, na historia ya hofu ya wazazi

Mtoto mwanaume akizaliwa Ndosho, upande wa magharibi wa mji wa Goma, habari hufika kwa jamaa kwa simu kabla mama hajatoka kwenye kituo cha afya. Swali la kwanza ni kama mama na mtoto ni wazima. La pili ni: «Mumemuita nani?» Hapo ndipo mazungumzo huanza kuwa marefu.

Baba anataka jina la babu yake, mzee aliyezikwa Lubero, Masisi, Rutshuru ao Walungu. Mama halikatai, lakini anauliza: shuleni watamcheka? Siku akisafiri peke yake, kwenye kizuizi watalisoma namna gani? Akitafuta kazi, atakayefungua barua yake atalionaje? Shangazi anaingilia kati: mumuite Amani ao Baraka, yaishe, ni jina ambalo halina kabila. Baba anajibu kwamba Amani ni jina zuri, lakini kilimani kwao hakuna mzee aliyewahi kuitwa hivyo. Na kama mwanaume huyu hatabeba jina la ukoo, nani atalibeba?

Mazungumzo ya namna hiyo hufanyika katika nyumba nyingi za mbao zilizosimama juu ya mawe ya volkeno, kuanzia barabara ya Sake mpaka ndani ya mtaa. Yanaonekana kama mambo ya familia moja. Kumbe yana historia ya zaidi ya miaka mia moja, na anayeifuata historia hiyo anagundua jambo moja: mababu walipoweka majina haya hawakuyaweka ili yawe alama ya kabila kwenye karatasi. Kazi hiyo majina yalipewa baadaye, na wengine.

MABABU WALITAKA JINA LISEME NINI

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Wanande wa Beni, Butembo na Lubero. Kwao jina la kwanza la mtoto halichaguliwi. Mtoto anazaliwa akilikuta. Mvulana wa kwanza huitwa Paluku, Mumbere ao Nzanzu. Wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa, wa saba Ndungo. Mvulana anayekuja baada ya wasichana anaweza kuitwa Muhindo, yaani aliyekuja kugeuza. Wasichana nao wana mfululizo wao.

Ndiyo maana mtu wa Goma akisikia majina ya magavana wawili waliofuatana katika Kivu ya Kaskazini, Julien Paluku Kahongya (2007 hadi 2019) na Carly Nzanzu Kasivita (2019 hadi 2021), anajua kwamba kwa desturi yote mawili ni majina ya mtoto wa kwanza. Na akisikia jina la mwanasiasa Antipas Mbusa Nyamwisi, anajua kwamba Mbusa ni jina la mvulana wa sita.

Ukivuka mpaka na kuingia Uganda, upande wa Kasese, unawakuta Wakonzo na majina yale yale. Paluku anakuwa Baluku, Kambale anakuwa Bwambale, Kasereka anakuwa Masereka, Kakule anakuwa Kule, Katembo anakuwa Thembo. Mfalme wa Rwenzururu, Charles Wesley Mumbere, ana jina ambalo unaweza kuliita kwa sauti sokoni Ndosho na watu kadhaa wakageuka. Mpaka wa wakoloni ulikata nchi vipande viwili. Katika majina ulibadilisha herufi chache tu.

Lakini jina ambalo kila nyumba inalo haliwezi kumtenga mtu mmoja na mwingine. Kambale wamejaa mji mzima. Kwa hiyo nyuma ya Kambale huwekwa jina lingine, la babu ao la tukio la siku ya kuzaliwa, na hilo ndilo linalosema huyu ni Kambale gani. Ndilo wazazi wa Ndosho hubishania usiku.

Kwa wanaosema Kinyarwanda, wa Rutshuru, Masisi na kwingineko, njia ilikuwa tofauti. Siku ya nane mama na mtoto walitolewa nje, watoto wa jirani wakaalikwa kula pamoja, na kila mtoto akapendekeza jina kabla baba hajatoa lake. Hakukuwa na jina la ukoo la kurithiwa. Baba na mwana kila mmoja alikuwa na lake. Mengi yalikuwa sala: Habimana, Mungu yupo, Hakizimana, Mungu ndiye anayeponya, Bizimana, Mungu ndiye anayejua mambo haya. Mengine yalitoka katika huzuni. Familia iliyozika watoto kadhaa ingeweza kumuita anayefuata Ntawuruhunga, yaani hakuna anayekikimbia kifo. Mengine yalikuwa jibu kwa majirani wabaya. Katika Burundi ya wakati wa wakoloni kulikuwa na shefu mashuhuri, Pierre Baranyanka, ambaye jina lake maana yake ni «wananichukia». Mzazi asiyeweza kugombana na jirani waziwazi alimpa mtoto jina, na kila akimuita aje kula, jirani alipata ujumbe wake.

Inafaa kukumbuka neno moja hapa. Majina ya Kinyarwanda hayatenganishi Mhutu na Mtutsi, kwa sababu wote wana lugha moja na majina yale yale. Na kwa ndoa na ujirani wa miaka mingi, majina yamevuka kutoka kabila moja kwenda lingine. Anayedhani kwamba kwa kusoma Hakizimana amekwisha kujua habari zote za mtu anajidanganya.

Watu wa Bushi, ng'ambo ya Ziwa Kivu, nao walileta yao: Murhula, ambalo ni amani na utulivu, Byamungu, mambo ya Mungu. Herufi zile mbili «rh», ambazo zipo pia katika jina la mwanasiasa Vital Kamerhe, zinatosha kumfanya msomaji wa Goma afikirie Bukavu.

Ukiyaweka majina haya yote pamoja, unaona yalikuwa yanasema nini. Huyu ni wa ngapi. Huyu alizaliwa baada ya msiba. Huyu aliombewa. Huyu alizaliwa wakati jirani hawatupendi. Yalisemwa kijijini, kati ya watu waliojuana, katika lugha ambayo kila msikilizaji aliielewa. Kabila halikuhitaji kutajwa, kwa sababu aliyemuita mtoto na aliyeitika walikuwa kilima kimoja.

KITABU CHA UBATIZO NA KALAMU YA KARANI

Mambo yalianza kugeuka wakati jina lilipotoka mdomoni na kuingia katika kitabu. Wamisionari wa kikatoliki na wa kiprotestanti walipojenga misheni zao Kivu, ubatizo ulileta jina jipya, la mtakatifu ao la Biblia, na jina hilo likakaa mbele. Jina la babu likarudi nyuma. Shuleni mwalimu aliita Joseph, nyumbani mama aliita Kasereka, na mtoto aliitikia kote kuwili bila shida.

Karani wa serikali ya Wabelgiji naye aliandika kwa sikio lake. Ndiyo maana leo ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na jina moja lenye herufi tofauti, na mmoja akahangaika maofisini kuonyesha kwamba yule mwingine ni ndugu yake.

Wakati huo huo wakoloni walikuwa wanahamisha watu. Mpaka wa Congo na Rwanda ulikubaliwa na mataifa ya Ulaya mwaka 1910, na ulikata maeneo ambako Kinyarwanda kilisemwa tayari, kama Bwisha katika Rutshuru. Kisha kati ya 1937 na 1955 serikali ya Wabelgiji ilileta familia nyingi kutoka Rwanda na kuziweka Masisi, katika milima ya Wahunde, ili mashamba ya wazungu yapate wafanyakazi na Rwanda ipunguze msongamano. Katika orodha za Masisi majina yakachanganyika. Kwa watu waliokuwa wanagombea ardhi, jina likaanza kusomwa kwa swali jipya: huyu alifika lini?

1972: SERIKALI INAPOINGIA KATIKA JINA

Wazee wa Ndosho wenye miaka sitini na zaidi wanaukumbuka vizuri wakati huu, kwa sababu majina yao wenyewe yalibadilishwa. Oktoba 1971 Congo iliitwa Zaire. Mwanzoni mwa 1972 Rais Joseph-Désiré Mobutu aliacha majina ya ubatizo na kujiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Kila raia alitakiwa afanye vilevile: Jean, Pierre na Joseph waondoke, majina ya mababu yarudi. Kardinali Joseph-Albert Malula wa Kinshasa alipopinga, alinyang'anywa nyumba yake na akalazimika kukaa Roma kwa muda. Mapadri walitishwa kifungo kama wangebatiza mtoto kwa jina la kigeni.

Hapo ndipo ilipozaliwa ile «postnom» ambayo leo kila Mkongomani anaiandika katika kila fomu bila kujiuliza ilitoka wapi. Nafasi iliyoachwa na jina la mtakatifu ilitakiwa ijazwe, na watu wakaijaza kwa jina la pili la kienyeji. Wengine walirudi kijijini kuuliza wazee. Wengine, waliozaliwa mjini ao katika kambi za wafanyakazi, hawakuwa na wa kumuuliza, wakachukua jina la mjomba ao la mto. Hata maziwa hayakuachwa: mwaka 1973 Ziwa Edward, pale Vitshumbi ambako Goma hupata samaki, liliitwa Ziwa Idi Amin Dada, na Ziwa Albert likaitwa Mobutu Sese Seko.

Katika jambo hili kulikuwa na haki na kulikuwa na fimbo. Haki, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu misheni mtoto aliweza kuandikwa Kambale peke yake bila kuonekana mpagani. Fimbo, kwa sababu jina la babu, lililokuwa zawadi ya familia, sasa lilikuwa amri ya chama. Na lilipokuwa amri, likawa pia kipimo: nani ni Mzaire wa kweli?

Swali hilo liliumiza zaidi Kivu. Januari 1972, mwezi ule ule wa majina, sheria ya uraia iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa Kivu kabla ya 1 Januari 1950 na walioendelea kukaa nchini. Sheria ya 29 Juni 1981 ikauondoa tena uraia huo. Kwa hiyo katika kizazi kimoja mtu aliambiwa «rudisha jina la mababu zako», akalirudisha, kisha jina lile lile likawa sababu ya kumuuliza kama kweli ni wa hapa.

Aprili 24, 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, watu hawakungoja. Majina ya ubatizo yakarudi hadharani pamoja na suti na tai. Lakini ile postnom haikuondoka. Tangu hapo Mkongomani ana majina matatu: jina, postnom, na prénom. Kwa mtoto wa Ndosho hiyo ni kusema nafasi tatu za kujaza, na wasomaji wengi wa kuogopa.

VITA VINAJIFUNZA KUSOMA

Machi 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto, teritware ya Walikale, yakaenea Masisi. Waliokimbia walishuka Goma, na wengi wakafika magharibi ya mji. Tangu hapo mambo hayakutulia: wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, vita ya 1996, vita ya 1998, na vita za M23 tangu 2012. Katika vita zote hizo barabara ilikuwa na vizuizi, na kwenye kizuizi anayesimamisha watu anatazama vitu viwili: uso na karatasi. Ripoti za haki za binadamu za miaka hiyo mpaka leo zimejaa habari za watu waliovutwa pembeni kwa sababu ya sura yao, lafuzi yao ao jina lao. Mwanaume na kijana wa kiume ndiye anayesimamishwa kwanza, kwa sababu ndiye anayedhaniwa kuwa mpiganaji. Hapo ndipo hofu ya mama wa Ndosho inapotoka, na ndiyo maana anaogopa zaidi kwa ajili ya mvulana. Anakumbuka alichokiona, ao alichosimuliwa na dada yake.

Lakini historia ya Ndosho ina ukurasa mwingine ambao haufai kusahauliwa. Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka Rwanda kuingia Goma kwa siku chache. Kipindupindu kiliua watu wengi, na watoto wengi walibaki peke yao. Ndosho ilikuwa na kituo kikubwa cha watoto hao. Kazi ya kuwatafutia jamaa ilianza na kalamu: jina la mtoto, jina la baba, jina la mama, kilima alikotoka. Mtoto aliyejua jina lake lote, na jina la babu yake, alikuwa na uzi wa kumrudisha nyumbani. Aliyejua jina la kubembelezwa tu, ao aliyesema kwamba mama yake anaitwa «mama», alikuwa na njia ndefu zaidi. Watoto wachanga hawakuwa na la kusema. Waliwalea waliwapa jina ili waweze kuwaita.

Kwa hiyo katika miaka ile ile, na katika mji ule ule, jina liliweza kumtia mtu hatarini na liliweza kumrudisha kwa mama yake. Wazazi wanaofikiria kumnyima mtoto jina la ukoo ili awe salama wanatazama upande mmoja tu wa mambo hayo.

AMANI, BARAKA, BAHATI: JE, NI MAJINA YASIYO NA KWAO?

Shangazi aliyependekeza Amani hakukosea kabisa. Majina ya Kiswahili yamekuwa mengi Goma kuliko zamani: Amani, Baraka, Bahati, Shukuru, Heri, Tumaini, Faraja, Riziki. Yanaeleweka na kila jirani, yanafaa Mnande, Mhunde, Mshi na anayesema Kinyarwanda, na hayaulizwi yalitoka kilima gani. Baadhi ni tafsiri ya majina ya mababu, hata kama wenyewe hawakukusudia: Murhula wa Bushi na Amani wa Goma ni neno moja katika lugha mbili. Hata yale ya huzuni yalipata ndugu zao: Mateso, Taabu, Mashaka. Na Dieudonné wa kifaransa anasema yale yale ambayo wazee walikuwa wanasema wakimshukuru Mungu kwa mtoto.

Lakini Kiswahili nacho kilikuja na historia. Kilifika mashariki ya Congo katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara ya Tippu Tip na wenzake, na kikaacha Kasongo na Maniema nzima majina ya Ramazani, Saidi na Assumani, ambayo mpaka leo yanamfanya mtu wa Goma aseme «huyu ni wa Maniema». Na kijana anayeitwa Bahati ao Baraka, akifika Kinshasa, ambako watu wanasema Lingala, jina lake linamtangulia: huyu ni mtu wa mashariki. Jina lililochaguliwa kwa sababu halisemi kitu Ndosho linasema kitu kilometa elfu moja na mia tano kutoka hapo. Jina lisilo na kwao halipo.

Kuna pia hofu ndogo zaidi, ile ya uwanja wa shule, na hiyo mama anaijua vizuri. Mvulana wa pili wa Kinande anaitwa Kambale, na kwa Kiswahili kambale ni samaki mwenye sharubu. Katembo anaulizwa habari za tembo. Mbusa anaitwa mbuzi. Watoto hawana huruma katika mambo haya, lakini pia hawakai nayo muda mrefu. Mji umejaa wanaume wazima wanaoitwa Kambale, waalimu, waganga, wafanyabiashara, madereva wa pikipiki, na hakuna anayekumbuka samaki anapowaita. Jina la ajabu huacha kuwa la ajabu likibebwa na wengi. Linaloumiza ni lile ambalo mtoto mwenyewe hakuelezwa maana yake, kwa hiyo akichekwa hana la kujibu.

SHERIA INASEMA NINI, NA WAZAZI WANAFANYA NINI

Sheria ya familia ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, iliingia katika mambo haya. Kifungu cha 58 kinasema majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa nchi, na yasiwe ya matusi, ya kudharau ao ya uchokozi. Kwa hiyo mzazi anayempa mtoto jina la babu haombi ruhusa kwa mtu. Anafanya kile sheria inachokitaka. Kifungu cha 64 kinakataza kubadilisha jina, herufi zake ao mpangilio wake baada ya kuandikwa, isipokuwa mahakama iruhusu kwa sababu ya haki. Na sheria ya uraia ya 12 Novemba 2004 haiulizi jina: inaangalia kama mtu ni wa makabila ambayo watu wao na ardhi yao vilikuwa sehemu ya Congo siku ya uhuru, 30 Juni 1960.

Jambo lingine ambalo wazazi husahau ni kwamba kadi ya mpiga kura, ambayo kwa miaka mingi ndiyo imekuwa kitambulisho cha wakaaji wengi, ina mahali pa kuandika asili ya mtu. Mtoto aliyeitwa Baraka ili asijulikane atakuja kuandikiwa asili hiyo kwenye kadi ile ile. Ukimya wa jina hauwezi kuficha kilichoandikwa mstari wa chini yake.

Basi familia nyingi za Ndosho zimepata njia yao bila kufundishwa na mtu. Zinatumia zile nafasi tatu. Moja inapewa mpangilio wa kuzaliwa ao sala ya wazee, nyingine jina la babu mwenyewe, ya tatu jina la Kiswahili, la Biblia ao la kifaransa ambalo jirani na mwalimu wataliita. Mtoto anaitwa Amani mtaani, na bibi akipiga simu kutoka Lubero anaomba azungumze na Kasereka. Ni kama Joseph na Kasereka wa wakati wa misheni, lakini sasa hakuna anayemlazimisha mtu. Wengine hupinga njia hiyo, wanasema ni kumficha babu katikati. Wengine hujibu kwamba babu aliye katikati ni bora kuliko babu aliyefutwa.

Tangu mwisho wa Januari 2025, M23 ilipouchukua mji, hofu ya kusomwa vibaya haikupungua. Kila upande wa mstari wa vita una watu wake wa kusoma karatasi. Hakuna anayeweza kumlaumu mzazi anayechagua jina la kimya wakati kama huu. Lakini historia inaonyesha kwamba waliosoma majina wamebadilika kila baada ya miaka michache: misheni, karani wa Wabelgiji, chama cha Mobutu, watu wa vizuizi. Kila mmoja alisoma alichotaka, na kila mmoja aliondoka. Mwaka 1972 Joseph alikuwa jina la hatari. Miaka kumi na minane baadaye likawa tena jina la kawaida. Mtoto anayezaliwa leo ataishi, Mungu akipenda, mpaka wakati ambao wasomaji wa leo watakuwa wamesahauliwa, na jina atakuwa bado analo.

Kwa wazazi ambao wamekwisha kuchagua, linabaki jambo moja la kufanya mapema. Sheria inatoa siku 90 tangu kuzaliwa ili mtoto aandikishwe kwenye ofisi ya hali ya raia, bila malipo ndani ya muda huo. Mtu anayekwenda aandike majina yote matatu kwenye kipande cha karatasi nyumbani, herufi kwa herufi, kama wazee wanavyolitamka, na alisome tena mbele ya karani kabla ya sahihi kuwekwa. Kosa la herufi moja katika jina la babu huchukua dakika moja kuliandika, na kulirekebisha kunahitaji mahakama. Na ile maana yake, ambayo hakuna nafasi yake kwenye fomu, mtoto aambiwe akiwa bado mdogo, kabla hajaisikia kutoka kwa watu wengine.